UZI: Mama aliulizwa "jana ulikula nini?" akajibu kwa mpangilio wa chati ya ukutani. Tumepima chakula au tumepima mafunzo?

#1 BintiMtongwe
Salaam wanajukwaa. Hili jambo limenikaa moyoni miezi sasa, leo nalitoa. Nilikuwa karani wa kuuliza maswali kwenye mradi mmoja wa lishe huku Mombasa upande wa Likoni, shirika sitalitaja. Tulipita nyumba kwa nyumba mara mbili, mara ya kwanza kabla mradi haujaanza, ya pili baada ya miaka miwili na kitu ya mafunzo ya akina mama, mapishi ya pamoja na magunia ya kupandia mboga. Swali lilelile, jana tangu ulipoamka mpaka leo ulipoamka ulikula na kunywa nini.

Sasa kuna mama mmoja aliniangukia mimi mara zote mbili. Mara ya kwanza aliwaza kwanza, akasema chai ya rangi na mahamri mawili ya kununua, mchana hakula, usiku sima na mchicha, akanyamaza, halafu akakumbuka jirani alimletea kipande cha muhogo wa kuchoma. Mara ya pili hakuwaza hata. Alisema "nafaka, kunde, njugu, maziwa, samaki, yai, mboga za majani", mfululizo. Nikainua macho, nyuma ya kichwa chake pale ukutani imebandikwa ile chati ya makundi ya vyakula waliyogawiwa, na mpangilio ndio huohuo. Nikamuuliza, nafaka gani mamangu? Akasema wali. Samaki gani? Akatulia, akasema "samaki tu".

Ripoti imetoka, yasema wanawake wanaofikisha makundi matano wameongezeka. Fomu nilizijaza kwa mkono wangu na sijui kama ni kweli. Nyinyi mwaonaje?

#2 Kolekole_Bichi
Hiyo "samaki tu" ndiyo imenimaliza. Mtu wa pwani hasemi samaki, husema tafi, changu, tasi, pono. Hata akiwa ng'onda, yaani samaki mkavu, atakwambia ng'onda wa papa au wa nguru. Huyo hakula samaki jana, kesi imeisha.

#3 MamaWawili_Kisauni
Kesi haijaisha kakangu. Mimi nikijiwa na mtu ana fomu na kitambulisho shingoni naweza kusema samaki tu vilevile, kwa haya. Kuna watu wengi wanunua vichwa vya samaki pale soko la Kongowea wakapika mchuzi wa ukwaju mzuri sana, lakini kumwambia mgeni nilikula vichwa ni kama kumfungulia kabati. Huenda alikula, akaona haya kutaja.

#4 NesiZamuYaUsiku
Asante kwa uzi dadangu. Hayo makundi ni 10, mwongozo wake FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutoa 2016, ni kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Nafaka pamoja na viazi, muhogo na ndizi za kupika ni kundi moja. Kisha jamii ya maharagwe na mbaazi, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani iliyokoza, matunda na mboga zenye vitamini A kama boga na embe bivu, mboga nyingine, matunda mengine. Ukila kutoka makundi 5 au zaidi kwa siku wahesabiwa umefika. Lakini kitu lazima kiwe si chini ya gramu 15, kama kijiko kikubwa kimoja hivi. Maziwa ya kubadilisha rangi ya chai hayaingii, na pilipili haiingii.

Jambo la pili, na usinikasirikie. Muulizaji hatakiwi kupokea jina la kundi kama ni jibu. Yule mama akisema "nafaka" wewe unarudi nyuma kabisa, ulipoamka ulifanya nini, uliwasha jiko saa ngapi, kulikuwa na nini sufuriani. Idara ya Kilimo ya Marekani ina utaratibu wa hatua tano. Kwanza mtu anataja haraka bila kukatizwa, pili unamkumbusha vinavyosahaulika, tatu saa na mahali, nne upikaji na kiasi cha kila kimoja, tano unampitisha tena yote. Kwetu hatua ya pili ndiyo yenye kazi maana sisi hatuhesabu vya njiani. Kachri za jioni, mabuyu, njugu za karatasi, embe la pilipili nje ya shule, muhogo wa chumvi na ndimu. Muulize mtu wa hapa umekula nini tangu asubuhi atakwambia sijala kitu, na mdomo bado mwekundu wa mabuyu.

#5 Jombaa_wa_Bombolulu
Hiyo ya mabuyu ni kweli tupu haha. Kwa hivyo mama akifika 5 ashakuwa sawa kilishe?

#6 NesiZamuYaUsiku
Hapana. Hicho si kipimo cha mtu mmoja. Leo mtu yuko harusini, kesho ni chai kavu. Ukiwachukua wanawake 400 wa mtaa, hesabu ya waliofika 5 yakuonyesha kama mtaa kwa jumla una uwezekano wa kupata vitamini na madini ya kutosha. Mama fulani peke yake huwezi kumhukumu kwa siku moja. Ukitaka mazoea yake basi umuulize tena siku nyingine, tena isiwe inayofuata, maana wali uliobaki jana ndio chai ya asubuhi ya leo.

#7 BintiMtongwe
@NesiZamuYaUsiku sikukasirika, ni kweli. Nilijaribu kumrudisha nyuma ila karani alipewa nyumba kumi na mbili kwa siku na jua lile la saa saba. Na ile hatua ya pili ya kukumbusha kwenye fomu yetu ilikuwa mstari mmoja tu, "kuna kingine?" Watu wote walisema hakuna.

#8 MzeeWaMajengo
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyeuliza la maana. Mara ya kwanza mlipita mwezi gani na mara ya pili mwezi gani?

#9 BintiMtongwe
Mzee wangu shikamoo. Ya kwanza ilikuwa Juni. Ya pili Februari, mwisho mwisho wa Shaabani, wiki ile ya kuvunja jungu, zile karamu za kabla ya Ramadhani.

#10 MzeeWaMajengo
Marahaba. Basi uzi huu nimeufunga mimi. Juni ni kusi, bahari imechafuka, vidau na ngalawa zakaa ufuoni siku nzima, samaki akionekana bei haikaribiki. Februari ni kaskazi, bahari shwari, samaki tele, na embe mitaani bado zipo. Juu ya hayo mkapita wiki ambayo kila nyumba yavunja jungu, hata asiye na kitu hualikwa. Mama wa Juni na mama wa Februari ni mama mmoja, kilichobadilika ni upepo. Mradi wadai sifa ya kaskazi.

#11 Kolekole_Bichi
Mzee hapo nimekubali. Babangu ni mvuvi, kusi ikishika sisi tulikuwa twala mbaazi na sima mpaka mbaazi zinatuota. Lakini hata hivyo samaki wa Februari ana jina!!

#12 MwalimuHesabu
Salaam. Ndiyo sababu ya kuwa na mitaa ya kulinganisha, yaani wapime pia mtaa usiokuwa na mradi, Juni hiyohiyo na Februari hiyohiyo. Mtaa wa mradi ukipanda na huu mwingine ukapanda vilevile, ni kaskazi. Ule wa mradi ukipanda zaidi, ile tofauti ndiyo ya mradi. @BintiMtongwe mlikuwa nayo?

#13 BintiMtongwe
Tulikuwa nayo maalim, mitaa mitatu. Na iko kwenye ripoti, nayo ilipanda, ila ya mradi ilipanda zaidi. Lakini ndipo linaponikwama mimi. Ile mitaa mitatu hawakufundishwa, hawana chati ukutani, hawajui jibu linalotakiwa. Hawa wetu wanalijua kwa moyo. Kwa hivyo ukitoa kaskazi bado inabaki tofauti, na ndani ya hiyo tofauti kuna chakula na kuna kukariri vimechanganyika, na kwa fomu ile sioni utavitenganishaje.

#14 MwalimuHesabu
Kweli. Kulinganisha mitaa kunaondoa msimu, hakuondoi mtu kujua jibu. Hilo ni gumu kweli, limenifanya nifikirie.

#15 BiMkubwa_Mishomoroni
Na mimi nimeulizwa hayo maswali si mara moja, nataka kuwaambia kwa upande wetu tunaoulizwa. Mwaka ule mara ya kwanza walipokuja mimi niliwapunguzia. Niliwaambia chai kavu na sima kavu. Nilikuwa nimekula mbaazi za nazi, wallahi, lakini mtaani kulivuma kwamba wanaoandikishwa wenye shida watapewa unga na mafuta, na nina wajukuu wanne. Sioni haya kusema. Unga haukuja, yakaja mafunzo. Waliporudi nilikuwa najua hakuna unga, nikasema ukweli wangu wote, mpaka njugu. Kwa karatasi yao mimi nimeendelea sana, na chungu changu ni kilekile.

#16 MamaWawili_Kisauni
Bi mkubwa asante kwa kusema, wengi tumefanya na hatusemi.

#17 NesiZamuYaUsiku
Hii ya Bi mkubwa yakwenda kinyume na ya #2 na zote zaishia palepale. Kama mara ya kwanza watu walipunguza na mara ya pili wakaongeza, unapata maendeleo makubwa bila tonge moja kubadilika mdomoni. Kuhusu kupunguza, kuna njia ya maji maalumu, mtu anakunywa maji yenye oksijeni na haidrojeni nzito, mkojo wake unapimwa kwa wiki moja au mbili inajulikana mwili umetumia nguvu kiasi gani. Kwa watu ilianza kutumika mwaka 1982. Ilipolinganishwa na walichosema wamekula, mara nyingi walisema kidogo kuliko walichotumia, na hao hawakuwa wakingojea unga wa msaada. Ila ni ghali, huwezi kupitisha Mtongwe nzima.

#18 DerevaWaFeri
Si mupime watoto tu muache maneno. Ule utepe wa mkono wa rangi tatu haudanganyi. Na udumavu, yaani watoto wafupi kuliko umri wao, Kenya ulikuwa asilimia 35 mwaka 2014 sasa ni 18, si maendeleo hayo?

#19 MwalimuHesabu
Rekebisha hapo kakangu. 35 ni ya utafiti wa 2008-09, ule wa 2014 ulikuwa 26, na 18 ni 2022. Yaelekea kushuka ndiyo, lakini hizo ni za nchi nzima, mradi wa mitaa michache ya Likoni hauwezi kuzishika. Na urefu wa mtoto unajengwa tangu mimba mpaka miaka miwili, mradi wa miaka miwili unafungwa kabla matunda hayajaonekana.

#20 NesiZamuYaUsiku
Na utepe @DerevaWaFeri una kazi yake. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto yuko hatarini na aletwe leo. 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Lakini hausemi alikula nini. Mtoto anakula vizuri, anaharisha wiki mbili, mkono unapungua. Damu vilevile, watu wanasema pima damu ujue kama mboga zimeliwa, lakini pwani hapa tuna malaria na tuna safura, minyoo wanakunywa damu ya mtu kimya kimya. Kiwango cha damu kikiongezeka huenda ni mchicha, huenda ni dawa za minyoo, huenda ni neti. Mimi naona mwili unajibu swali lake na swali la sufuria linabaki.

#21 MpishiWaShughuli
Wote mwazungumza kama kila mtu ana sahani yake. Kwetu twala kwenye sinia! Mimi hupika shughuli za watu, ntawaambia. Sinia moja wali watu watano, kitoweo katikati. Kuna mtu tonge lake ni kama yai la bata na kuna bibi harusi wa juzi anadonoa. Mama wa nyumba ndiye wa mwisho kukaa, na yeye ndiye anayesukuma mnofu upande wa wageni na watoto, yeye atafuna mgongo. Ukimuuliza jana ulikula samaki atakujibu ndiyo, na hajasema uongo, mchuzi wa samaki ameula. Gramu 15 za nyama ya samaki je, amezipata? Haulizwi.

#22 NesiZamuYaUsiku
Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kuna watafiti huwapa watu bakuli siku moja au mbili kabla na karatasi ya picha watie alama kila wakila, ili wasio na kusoma pia wakumbuke. Lakini ukimpa mama bakuli lake ushamtoa kwenye sinia, siku hiyo amekula kama hajawahi kula maishani. Wengine wapima sufuria nzima kabla na baada, halafu wahesabu matonge ya kila mtu na kupima tonge lake kwenye mizani. Nimeiona ikifanywa. Yule binti na mizani yake amekaa kando ya sinia, tonge la kwanza mama akalishika hewani akamwangalia, akamuuliza "hili nalo walipima au nile?" Mzee wa nyumba siku ile alimwachia mkewe mkia wote wa samaki. Watoto walishangaa mpaka wakasema kwa sauti.

#23 MzeeWaMajengo
Hapo sasa umesema neno. Mtu akiangaliwa hula kwa adabu.

#24 Jombaa_wa_Bombolulu
Na mahamri je, mafuta yanayoingia ndani mtayajuaje. Ya mama mmoja hapa kwetu ukiyashika gazeti laonyesha upande wa pili.

#25 MpishiWaShughuli
Unapima mafuta kabla ya kukaanga na baada, tofauti unagawa kwa idadi ya mahamri. Ila mafuta yakiwa baridi mahamri yanayanywa, yakiwa moto sawasawa hayanywi sana. Na tui ndilo balaa. Tui la kwanza ni zito, la pili jembamba, la tatu ni maji yaliyoonja nazi. Mtu akisema "mbaazi za nazi" hujui ni tui la ngapi, na mwisho wa mwezi ni la tatu.

#26 MamaWawili_Kisauni
Mbaazi za tui la tatu si mbaazi hizo ni supu, tusiitane hivyo.

#27 MpishiWaShughuli
Dadangu wengine ndizo walizo nazo.

#28 MamaWawili_Kisauni
Kweli. Samahani.

#29 DukaLaKona
Nimechelewa lakini nina la kuongeza upande wa sima. Nauza unga wa paketi na pia kuna mashine ya kusaga hapo nyuma. Tangu 2012 unga wa mahindi wa paketi kisheria lazima utiwe madini chuma, zinki na vitamini. Wa kusaga mwenyewe kwenye posho mill hautiwi. Kwa fomu yenu zote ni "sima". Bei ya paketi ikipanda wateja wangu wote wahamia kwa gorogoro na mashine, wiki hiyohiyo, na hakuna mradi wowote utakaoona hilo kama unahesabu makundi tu. Mama aweza kuwa ameongeza mchicha na amepoteza madini ya kwenye unga.

#30 MwalimuHesabu
Hii sikuifikiria. @BintiMtongwe mliuliza aina ya unga?

#31 BintiMtongwe
La. Palikuwa na kisanduku kimoja, nafaka ndiyo au la.

#32 Kolekole_Bichi
Swali la pembeni wataalamu, hiyo siku ya saa 24 ikianguka Ramadhani, daku ni ya jana au ya leo?

#33 NesiZamuYaUsiku
Kama ni kuamka mpaka kuamka itategemea kama mtu alilala baada ya daku. Wengine hulala, wengine huunganisha na swala mpaka asubuhi. Nimeona makarani wawili kwenye mtaa mmoja kila mmoja akiandika kivyake. Ndiyo maana wengi hukwepa mwezi huo kabisa, lakini nao ni mwezi mzima watu wanaoula kila mwaka, futari yenye tambi, viazi vya nazi, tende na uji, ukiukwepa daima ushafuta sehemu ya maisha ya mtu.

#34 BiMkubwa_Mishomoroni
Tende ndiyo tunda la wengi mwezi ule. Msizifute tende zetu.

#35 BintiMtongwe
Nashukuru wote, nimesoma kila jibu mara mbili. Narudi na kitu kimoja. Jumapili nilikuwa na harusi ya binamu huko Mtongwe, nikapita kwa yule mama kumsalimia, bila fomu, bila kitambulisho. Chati bado iko ukutani, pembe moja imechanika. Alinikaribisha nyuma jikoni, na pale ubavuni mwa kuta lile gunia la mradi lipo, limepandwa mtoriro, ile mboga ya majani. Upande mmoja majani yamejaa, upande wa pili ni vikonyo vitupu, vimekatwa siku hiyohiyo maana utomvu mweupe ulikuwa haujakauka, ulinishika vidoleni. Moyo wangu ukafurahi, nikajisemea basi alikuwa akila kweli, nilimdhania vibaya.

Tukiwa twanywa chai mtoto wa jirani akaja na shilingi ishirini, "mama amesema fungu moja". Mama akainuka akakata, akamfungia kwa ukindu, akaitia ile ishirini kwenye kikopo. Ndani ya kikopo mlikuwa na sarafu nyingine. Jikoni kulikuwa na sufuria imefunikwa na kifuniko chenye jiwe juu. Tukazungumza habari za harusi, nikaaga nikaondoka.

#36 Kolekole_Bichi
Na sufuriani mlikuwa na nini??

#37 BintiMtongwe
Sikufunua. Nilikuwa mgeni.